Nani wa Eduvina?

...na kwa nini lazima asome yote, jina si lingetosha, Eduvina Arrieta, basi, lakini mji huu una akina Arrieta kama mchele, kwa hiyo don Úrsulo, karani wa dirisha la vizazi na vifo, humwita marehemu kwa ukamilifu wake, ndipo mwenye naye aitike na kuchukua nakala ya cheti, desturi anaijua, Nohemí amezaliwa nayo, ila hakudhani kwamba... "Eduvina Arrieta, binti wa Tránsito Arrieta, mfua nguo, baba hakutajwa! Nani wa Eduvina?" Hakutajwa, naye don Evaristo ananing'inia sebuleni kwenye fremu ya dhahabu, masharubu yamepakwa mafuta, Mhispania wa Asturias, baba mzazi wa bibi, mgeni haonji kahawa kabla ya kujulishwa kwake, na hivi punde, kwenye benchi hili hili, doña Leticia wa mtaani, akijipepea kwa kadi ya sala, "Wewe nawe unatafuta nini humu?" naye kwa mdomo wake mwenyewe, "Karatasi za bibi, shoga, mwanangu anataka pasipoti ya Hispania, si unajua sisi asili yetu ni kule," na Leticia, "Loo, na pua hiyo?", wakacheka, naye akacheka, pua inamwaka mpaka sasa... "Nani wa Eduvina?" Anaweza kuondoka, mlango uko wazi, karatasi isiyo na baba haivuki bahari, ya nini kuiinukia mbele ya benchi zima, nani atapungukiwa, hakuna, labda bibi tu... bibi, ambaye wageni walipobisha hodi mama alimwambia, "Mama, kaa jikoni kidogo, joto la sebuleni litakuumiza," jikoni kwenye moto, eti joto la sebuleni, na bibi akaenda, akawa anagonga sufuria makusudi ili wajue yupo, wala bibi hakumtaja don Evaristo hata mara moja, angemtajaje, picha yenyewe mama aliileta siku mpiga picha wa sokoni alipofunga duka na kuuza vilivyobaki, ikiwa na fremu yake tayari, wote nyumbani waliiona ikiingia, wote wakajifunza kumwita babu, Mungu wangu, mtu yule ni babu wa watu gani... "Jamani, marehemu huyu hana watu?" na Leticia anaguna, "Maskini, mama kaufulia mji mzima, binti wa kumwitikia hana," anamgeukia, "Arrieta, si wa kwenu huyo?" mkoba mapajani, vidole vimeushika kama vinazama, na juu ya ukingo wa mto amesimama mtoto asiye na adabu, yeye mwenyewe miaka ile, anapaza sauti, Eduvinaaa, kwa jina, bila hata bibi, bila haja yoyote, kwa raha ya kuita tu, na kule chini, katikati ya mashuka ya watu, mgongo wa bibi umeinama, mdomo umebana vibanio vya nguo, hakuuliza hata siku moja anaitiwa nini, aliitika kwanza, Nipo!, na vibanio vikadondoka majini, kila mara vikadondoka, na kila mara aliitika... don Úrsulo anavuta pumzi aite tena, Leticia bado anamtazama, feni inazunguka palepale, Nohemí bado amekaa, na neno limeshafika kwenye meno, si naam, si mimi hapa, ni lile la mtoni, acha kidondoke cha kudondoka...