Mkia wa Mama Bahizire

Bénita Uwamariya alimaliza masomo yake ya biolojia, akakaa Goma miaka miwili bila kazi, kisha akapata kazi ya kuangalia mikia ya nyangumi.

Kazi yenyewe ilitoka Muanda, upande ule mwingine wa nchi, ambako Kongo inaigusa bahari kwa kipande kidogo tu cha pwani. Chama kimoja cha huko kilikuwa kikifuatilia nyangumi wenye nundu, wale wanaopanda kutoka kwenye baridi ya kusini kila mwezi wa saba kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu. Zamani waliwindwa hadi karibu kuisha. Sasa walikuwa wanarudi, na chama kilitaka kujua wanarudi wangapi, ili kipange namna ya kuwalinda.

Nyangumi akitaka kuzama huinua mkia, na upande wa chini wa mkia kila mmoja ana alama zake: madoa meusi na meupe, makovu, kingo zilizomeguka. Watu wa Muanda walipiga picha kutoka kwenye mashua. Bénita, akiwa katika chumba cha mbele cha mama yake huko Mabanga, mtaa wa Goma, alizilinganisha kwenye kompyuta mkia kwa mkia, ajue nani ni mgeni na nani amekwisha kuandikwa.

Mama yake, Mama Dancille, alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi. Huko alikamua ng'ombe tangu utotoni mpaka vita vilipowafukuza. Hapa mjini aliuza maharagwe na viazi mbele ya nyumba. Bahari hakuwahi kuiona. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya binti yake, ungo wa maharagwe mkononi, akatazama.

“Hii ni nyama gani?”

“Nyangumi, mama. Nyangumi wa nundu.”

“Iko na nundu?”

“Iko nayo.”

“Inazaa ngapi?”

“Moja tu.”

“Inanyonyesha?”

“Inanyonyesha, mama. Karibu mwaka muzima.”

“Basi ni ngombe,” akasema Mama Dancille, akavuta kigoda akaketi.

Tangu siku ile hakuondoka. Kila alasiri, wateja wakipungua, aliingia na ungo wake, akachagua maharagwe kwa vidole na kuchagua nyangumi kwa macho. Bénita angeweza kukazia macho picha mbili kwa nusu saa, mama yake angesema bila hata kusimamisha vidole, “Ule nilimuona juzi. Alikuwa amegeuka kidogo.” Bénita alitafuta ya juzi, na kweli.

Kilichomkera Mama Dancille ni namba. Nyangumi wa arobaini na moja, nyangumi wa mia na sita: ng'ombe gani ataitika akiitwa hivyo? Akaanza kuwapa majina. Mwenye mstari mweupe shingoni mwa mkia akawa Diyakoni. Aliyeonekana kila mahali, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba anasubiri kulipwa, akawa Douane, kama watu wa forodha. Na yule wa arobaini na moja, jike kubwa mwenye pengo upande wa kushoto wa mkia, akawa Mama Bahizire, kwa sababu jirani yao Mama Bahizire alikuwa na pengo kama lile kwenye meno yake ya mbele.

Mama Bahizire mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa na saluni ng'ambo ya ukuta wa mawe ya volkano, na kati ya saluni na nyumba ya Mama Dancille sauti zilipita kama ukuta haupo.

Jumamosi moja Mama Dancille alikuwa nje akipima viazi. Bénita alikuwa ndani na picha mpya.

“Mama Bahizire ameonekana tena?” mama akauliza kwa sauti.

“Ameonekana, mama! Tarehe kumi na mbili!”

“Peke yake?”

“Hapana, na mutoto! Mudogo kabisa!”

“Aa! Na baba ya mutoto?”

“Baba hajulikani! Lakini kuko wanaume tatu banamufuata!”

“Tatu!” Mama Dancille akacheka mpaka akaweka mizani chini. “Na vile amenona!”

Ng'ambo ya ukuta mashine ya kukausha nywele ilinyamaza. Kisha mlango ukabamizwa, na Mama Bahizire akatokea na kitana mkononi. Nyuma yake walikuja wateja wawili, mmoja amesukwa upande mmoja tu wa kichwa, kwa sababu hawakutaka kupitwa na jambo.

“Mama Bénita! Bwana yangu iko Rutshuru na kamyo juma mbili sasa, na weye uko natangazia Mabanga nzima kama nimezaa?”

“Siyo weye,” akasema Mama Dancille.

“Kuko Mama Bahizire ingine hapa?”

“Kuko. Lakini iko ndani ya maji.”

Maelezo hayo hayakusaidia. Bénita akatoka mbio, akawaingiza wote chumbani, akamwonyesha jirani ule mkia, akaeleza habari ya bahari, ya Muanda, ya madume wanaomfuata jike mwenye mtoto. Mama Bahizire alisikiliza, mikono kiunoni.

“Iko na kilo ngapi hii?”

“Tani… kama makumi tatu, mama.”

“Makumi tatu! Na juu ya nini iwe mimi? Batu bote ba kartie, mukachagua mimi?”

Bénita alikuwa anatafuta uongo wa heshima. Mama Dancille hakutafuta. “Juu ya meno,” akasema.

Yule mteja aliyesukwa nusu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama Bahizire alifunga mdomo kabisa. Akavuta kigoda cha Mama Dancille, akakalia, akaamuru aonyeshwe nyangumi wote, mmoja mmoja, ajue jirani zake gani wengine wametukanwa. Bénita hakuthubutu kukataa. Wakapita wa kwanza, wa kumi, wa hamsini. Wateja walikaa juu ya magunia ya maharagwe. Walipofika mia na sitini, Mama Bahizire akapiga meza kwa kitana.

“Na huyu! Mumenitia mara mbili!”

“Huyu ni mwingine, mama. Angalia, pengo yake iko kuume. Ya kwako… ya yule wa kwanza iko kushoto.”

“Mutoto, weye umesoma, lakini mimi kazi yangu ni kioo. Nikijiangalia kwenye kioo, pengo yangu minaiona huku.” Akaonyesha. “Weye ukiniangalia, unaiona huku. Sasa tuko Mama Bahizire wawili? Huyu ni yule yule. Mumemuangalia ndani ya kioo.”

Bénita alitaka kusema kwamba bahari haina kioo. Badala yake aliigeuza picha ya mia na sitini, kushoto ikawa kulia, akaiweka juu ya picha ya arobaini na moja. Pengo likakaa juu ya pengo. Kovu la chini likakaa juu ya kovu. Hata doa dogo kama punje ya mtama lilipata mwenzake.

Wateja wakainuka kwenye magunia, wakaja kuangalia.

“Zote mbili ziko na meno yangu,” akasema Mama Bahizire, safari hii kwa fahari.

Picha ya mia na sitini ilikuwa ya msimu mmoja wa zamani, ulioingizwa kwenye kompyuta na mtu aliyekwisha kuondoka. Bénita akazigeuza picha zote za msimu ule. Kwa siku mbili yeye na mama yake walilinganisha upya, na Mama Bahizire alikuja kila alipomaliza kichwa. Walipata nyangumi thelathini na wanane waliohesabiwa mara mbili. Na katika picha moja ambayo haikuwa imekatwa pembeni, kabla hawajaigeuza, alionekana mtu wa mashua aliyevaa jaketi lenye maandishi mgongoni.

“Adnaum,” akasoma Mama Dancille polepole. “Ni jina ya nani?”

“Ni Muanda, mama,” akasema Bénita. “Muanda iliyogeuzwa.”

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hesabu ya chama ilikuwa nyangumi mia mbili na kumi na nne. Mpango wao ulisema wakivuka mia mbili, meli, zilizopunguzwa mwendo zisiwagonge, zitaruhusiwa tena kwenda mbio karibu na pwani, na kazi ya kufuatilia mikia itapunguzwa. Mkutano wa kupitisha jambo hilo ulikuwa Ijumaa. Bénita alijua akisema atawaharibia watu sherehe, na yeye ndiye mdogo kuliko wote kazini. Asiposema, kazi yake inapunguzwa. Alikaa jioni nzima bila kula.

“Unaogopa nini?” mama yake akamuuliza.

“Banafurahi, mama. Banafurahi sana na ile deux cent quatorze, mia mbili na kumi na nne yabo.”

“Baba yako alikuwa na ndugu mumoja alipenda kuhesabia ngombe jioni, kama zinatembea-tembea. Kila siku zilikuwa nyingi. Akaahidi watu tatu ndama ambazo hazikuwako. Bakakuja bote siku moja.” Mama Dancille alisukuma sahani mbele. “Kula. Kesho upige telefone.”

Mkuu wa mradi alikuwa Papa Élisée Baharanyi, mtu wa Bukavu aliyehamia Muanda kwa ajili ya nyangumi na kuoa hukohuko. Bénita akamweleza yote.

“Papa Élisée, uko?”

“Niko. Niko naangalia banderole.”

“Banderole gani, papa?”

“Tumeitundika jana. Imeandikwa ‘Mia mbili, na zaidi.’ Na mimi nimeshonesha suti.” Akavuta pumzi. “Nitumie picha ya ile jaketi.”

Akazifungua picha za asili, akakagua jozi moja moja. Siku ya Alhamisi akajibu: thelathini na sita ni kweli, mbili si kweli. Moja ya hizo mbili ilikuwa Diyakoni na Douane, ambao Mama Dancille aliapa kwamba ni mmoja. Bénita akamwonyesha makovu yasiyofanana. Mama alitazama sana, akasema picha ni mbaya, akaenda kulala mapema, na hakuongea habari ya nyangumi mpaka asubuhi.

Ijumaa walifuata mkutano kwenye simu ya picha wakiwa saluni, kwa sababu saluni ilikuwa na umeme wa uhakika. Mama Dancille alivaa kitenge cha kanisani. Mama Bahizire aliwaweka wateja wake wapya nyuma, akawaonya wasikohoe. Huko Muanda mezani palikuwa na Papa Élisée ndani ya suti, bwana mmoja wa wizara, na mwakilishi wa wenye meli.

Papa Élisée alieleza: siyo mia mbili na kumi na nne, ni mia moja na sabini na nane. Bwana wa wizara akavua miwani.

“Nani amehakikisha?”

“Timu yetu ya Goma,” akasema Papa Élisée.

“Goma! Ni watu wangapi?”

“Watatu,” akajibu Bénita.

“Na utaalamu wao?”

“Mimi biolojia. Mama Dancille, mifugo.” Akamtazama Mama Bahizire na kile kioo kikubwa nyuma yake. “Na Mama Bahizire… mambo ya vioo.”

Bwana wa wizara akaandika.

Mwakilishi wa wenye meli akasema tofauti yenyewe ni ndogo. Nyangumi ishirini na mbili pungufu hawawezi kuzuia biashara ya watu. Bénita alikuwa bado anatafuta jibu la kisayansi mama yake aliposogea karibu na simu hadi Muanda wakaona paji la uso tu.

“Papa, samahani. Weye uko na meli ngapi?”

“Tisa, mama.”

“Nikikuandikia kumi na moja, utanipa zile mbili?”

Muanda ilicheka, hata mwenye meli mwenyewe. Saa moja baadaye iliamuliwa meli ziendelee kwenda polepole kwa miaka mitatu, mikia iendelee kuhesabiwa, na picha zote za zamani zikaguliwe upya Goma. Mkataba wa Bénita ukaongezwa. Alilia kidogo, na Mama Bahizire akamfuta machozi kwa taulo la saluni lenye harufu ya mafuta ya nywele.

Mpango ulipotoka, Mama Bahizire aliomba asomewe ukurasa unaomhusu. Bénita akasoma: “Jike namba arobaini na moja.”

“Na jina yangu?”

“Banaandika namba tu, mama.”

“Namba! Mimi ndiye niliyeona, halafu mimi ni namba?” Akagoma kuwasuka wote wawili kwa juma zima.

Msimu mpya ulifunguliwa mwezi wa saba. Siku picha za kwanza zilipofika, Mama Dancille alikuwa Kibumba kununua viazi, amekaa na wachuuzi wenzake wakisubiri kamyo. Simu ikalia.

“Mama! Mutoto! Tumepata mutoto!”

“Aksanti Mungu! Amezaliwa lini?”

“Juzi ao jana, hivi! Na mama yake iko muzima!”

“Ananyonya?”

“Ananyonya muzuri!”

Alipokata simu wenzake walikuwa wamekwisha kusimama. Mmoja alimkumbatia. Mwingine akapiga vigelegele. Muuza viazi akachota viazi vikubwa kwa mikono miwili, akavitia ndani ya gunia lake juu ya vile alivyolipia, akisema bibi mpya haendi mikono mitupu. Mama Dancille alifungua mdomo aeleze kwamba mtoto ni wa baharini na ana urefu wa mita nne. Lakini kamyo ilikuwa imewashwa, na wote walikuwa wamefurahi mno.

“Ni musichana ao kijana?” mtu akamuuliza wakipanda.

“Bado hatujaona vizuri,” akasema Mama Dancille, akashika gunia lake.