Bunduki ya Mama

Mume wangu Harrison hajawahi kuchinja hata kuku. Kwao Ol Kalou, wageni wakifika na kuku akihitajika, yeye alitumwa dukani sukari ili asione. Sasa mtu huyo huyo ndiye niliyemkuta jikoni kwetu Richfield, huku Marekani, miwani puani, akitazama video ya mzungu mwenye ndevu anayeeleza bunduki za watoto za kuwindia kulungu. Nikamuuliza kama amerogwa. Akasema Rahab ndiye anayetaka, na hapo nikajua sina la kusema tena.

Lazima nieleze. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Mama mkwe wangu ni Rahab, na binti yetu ni Rahab. Kwa hiyo Harrison alimwita Mami tangu siku ile alipokabidhiwa mtoto amefungwa kwenye shuka ya hospitali. Wanaume wengine hutumia jina hilo kwa mazoea tu. Harrison aliliamini. Mtoto akilia alimwambia, "Pole Mami, nisamehe," kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kumkaripia hakuweza, kwani nani anayemkaripia mama yake? Kazi hiyo niliachiwa mimi, na sikulalamika, maana naiweza.

Basi mwezi wa tatu shule ikawa na tamasha la muziki. Rahab alikuwa mstari wa nyuma na filimbi yake. Harrison akasimama katikati ya wazazi waliokaa kimya, akapunga mkono na kuita, "Mami! Mami!" Wasichana wakaangua kicheko. Tukiwa kwenye gari, Rahab akasema huku akitazama dirishani, "Dad, please. Not in public. It's weird." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila mtu wa umri huo huona aibu kuwa na wazazi.

Mtu mwenye akili timamu angeacha kuita hivyo shuleni na kuendelea nyumbani. Mume wangu aliacha kabisa. Nilipomwambia kwamba nyumbani ruhusa bado ipo, akasema ulimi wake hauna mlango wa ndani na mlango wa nje, na siku moja ungemponyoka mbele ya watu tena. Wala hakuweza kumwita Rahab, kwani hilo ni jina la mama yake na haliwezi kutamkwa hivi hivi tu. Kwa hiyo mtoto akabaki bila jina. Ikawa, "Wewe, chakula tayari." Ikawa, "Hebu mwambie huyo azime taa." Niliwasikia wakipishana kwenye ngazi kama wapangaji wawili, na iliniuma. Nawapenda wote wawili, na wote wawili ni wakaidi.

Mambo ya kuwinda yaliletwa na jirani yetu Lyle, dereva wa basi mstaafu mwenye kipande cha msitu huko kaskazini. Rahab humsaidia kufagia theluji, naye humlipa kwa hadithi za kulungu. Kiangazi msichana akaomba kusoma kozi ya usalama wa bunduki, akaisoma, akafaulu. Ikabaki kitu kimoja: mtoto wa umri wake haingii msituni kuwinda bila mzazi kando yake. Nilidhani atanijia mimi. Akamwendea baba yake aliyekuwa anakunja nguo, akamuuliza kama angeenda naye. Mwaka mzima hakuwa amemwomba kitu kingine isipokuwa chaja ya simu. Harrison aliitikia kabla mtoto hajamaliza swali, halafu akaja chumbani kuniuliza kama kulungu huuma.

Lyle alijitolea kuwaazima bunduki yake ya zamani. Harrison akataka kuijaribu kwanza, mahali pa kufanyia shabaha, na bunduki ikamrushia teke la punda. Mimi ni nesi, nimeona mengi, lakini bega lile lilinitisha. Lilikuwa jeusi juu ya weusi wake. Nikiwa namwekea barafu aliniambia kwamba kitu kile hakitagusa bega la mtoto hata kama Lyle atampa na msitu wenyewe. Akaanza kutafuta bunduki nyingine, nyepesi ya kubebwa kutwa nzima na mikono midogo, na isiyopiga bega. Ndiyo maana ya zile video.

Jumamosi moja baada ya zamu yangu tukaenda wote watatu kwenye duka kubwa la vifaa vya uvuvi na uwindaji. Rahab akapotelea upande wa viatu vya baridi. Mimi nikasimama kwenye soksi, nyuma kidogo ya kaunta ya bunduki, kwa hiyo niliyasikia yote. Harrison alikwenda kwenye kaunta kwa heshima zote, kama mtu anayemwendea pasta. Muuzaji alikuwa msichana wa watu, kifuani ameandikwa Stacy, akamuuliza amsaidie nini.

Miezi yote ile neno lilikuwa limefungiwa, na Rahab mwenyewe hakuwa karibu kulisikia. Likatoka. Harrison akamwambia kwa Kiingereza chake kisafi cha shule ya bweni kwamba anamtafutia mama yake bunduki ya kuwindia.

Stacy alifurahi sana. Akasema anapenda sana akina mama wazee wanaowinda, hata bibi yake alikuwa mmoja wao. Akauliza kimo cha mama. Harrison akaweka mkono chini ya kidevu chake. Stacy akauliza kama ana nguvu mikononi. Harrison akasema nguvu anazo za wastani, lakini bado anaendelea kukua. Stacy alifikiri amesikia vibaya, akaendelea. Je, mama ana tatizo la viungo? Hapana, anacheza mpira wa wavu. Kumbukumbu yake je? Nzuri sana, ila kwenye hesabu. Anaishi peke yake? Harrison akashtuka kabisa, akasema angewezaje kumwacha aishi peke yake, hata kupika hajui.

Ningeweza kuingilia kati, lakini nilikuwa nimejifunika uso kwa pakiti ya soksi, nacheka mpaka machozi yanatoka. Halafu Stacy akasema angependa kumwona mama mwenyewe aishike bunduki, kwani bunduki huchaguliwa kama nguo. Harrison akasema mama yupo, akaashiria upande wetu. Stacy akanitazama mimi. Akaja hadi kwenye soksi, akanishika mkono na kuniambia kwa upole, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa, kwamba naonekana mzima sana kwa umri wangu.

Kicheko changu kiliishia hapo. Nikamwambia mimi si mama wa mtu huyu, mimi ni mke wake, na mwenye bunduki ni yule mtoto pale mwenye kiatu kimoja.

Stacy alimtazama mtoto, akamtazama Harrison, na uso wake ukabadilika. Simlaumu. Mtu anayeuza bunduki lazima ajue inakwenda kwa nani, na huyu alikuwa amehoji dakika nzima kuhusu mama asiyekuwepo. Alirudi nyuma ya kaunta, akaiondoa ile bunduki nyepesi aliyokuwa ameshaiweka juu ya kitambaa, akairudisha kwenye rafu. Akasema, kwa adabu bado, kwamba asipoelewa bunduki ni ya nani hataiuza, na hiyo ndiyo sheria yake. Akauliza tena, "Bwana, hii bunduki ni ya nani?"

"Ya binti yangu," Harrison akasema.

"Uliniambia ni ya mama yako."

Rahab alikuwa amefika, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Watu wawili watatu kwenye foleni walikuwa wamegeuka. Harrison alikuwa na jibu, ni maneno machache tu, hata mimi nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kulieleza ilikuwa ni kulitamka lile jina, pale hadharani, mbele ya wageni, na mtoto amesimama anasikia. Alimtazama Rahab. Kisha akamtazama Stacy na kusema amekosea, anaomba radhi, wataondoka.

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Safari nzima ilikuwa inakufa pale. Msimu ulikuwa unakaribia, na bunduki ya Lyle Harrison alishaapa kwamba haitagusa bega la mtoto. Alikuwa anaacha kitu pekee mtoto alichomwomba, ili asivunje ahadi aliyompa huyo huyo mtoto. Nikafungua mdomo.

Rahab akanitangulia. Akaweka kiatu juu ya kaunta na kumwambia Stacy kwa Kiingereza, bila kumtazama mtu mwingine yeyote, "Mimi ndiye mama yake."

Stacy akamwambia aeleze.

Rahab akaeleza. Aliona aibu, lakini alieleza vizuri, kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Alisema amepewa jina la nyanya yake, kwa hiyo kwa baba yake yeye ni mama yake, si mchezo, ndivyo ilivyo. Akasema ndiyo sababu baba yake humwomba ruhusa badala ya kumpa. Akasema kwamba baba hakudanganya, alikuwa anasema ukweli wa kwao. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemkataza kumwita hivyo mbele za watu, na sasa anaona kwamba baba hana jina lingine la kumwita.

Sikujua kwamba alikuwa ameliona hilo. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiwasikia kwenye ngazi.

Stacy akamuuliza Harrison kama yeye ndiye baba mzazi, kama mtoto ana cheti, na kama atakuwa naye msituni. Harrison akajibu ndiyo mara zote tatu kama anayefunga ndoa. Basi Stacy akamwambia Rahab avue hicho kiatu kimoja, asimame sawasawa.

Stacy hakuirudia ile bunduki ya kwanza. Alisema aliichagua kwa ajili ya bibi anayekaa kwenye kiti na kupiga mara moja kwa mwaka. Kisha akasema jambo ambalo video zote zile hazikuwa zimemwingia Harrison: bunduki ikiwa nyepesi mno ndipo inapopiga bega zaidi, kwa sababu haina uzito wa kuumeza ule msukumo. Ukitaka iwe rahisi kubeba, bega litalipa. Ukitaka bega lipone, mikono itabeba. Kwa mtoto, alisema, tafuta ya katikati, punguza ukubwa wa risasi, kisha ufupishe kitako, ile sehemu inayokaa begani, kimfae. Harrison alisikiliza huku akijisugua bega lake bila kujijua.

Stacy akatoa nyingine, nzito kidogo, yenye risasi ndogo, na pedi ya mpira kwenye kitako. Akaufungua mtambo, akahakikisha ni tupu, akamwonyesha Rahab, naye Rahab akahakikisha mwenyewe kama alivyofundishwa. Stacy akamkunja mkono, akaegemeza kitako kwenye kiwiko chake kwa ndani, na kidole kikafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Akasema inamfaa. Akamruhusu ailenge juu, kwenye kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani.

Mtoto aliiinua. Shavu likakaa kwenye ubao wa bunduki, jicho moja likafumbwa, mabega yakatulia. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwacha asubuhi. Nilifikiri ataishika dakika moja, akaishika zaidi, na mtutu ukaanza kushuka kidogo. Sisi sote tuliona. Harrison hakuweza kujizuia.

"Mami," akasema.

Alisema kwa sauti, na foleni yote ikasikia. Kisha akashtuka, akajifunika mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

Rahab alishusha bunduki polepole. Akailaza juu ya kitambaa, mtutu ukitazama ukutani, akaondoa kidole, akageuka. Mtoto huyu hutujibu kwa Kiingereza hata tukimwombea Kiswahili kwa magoti. Alimtazama baba yake kutoka chini, kwa subira, namna ambavyo mama mkwe wangu hututazama sote kwenye simu.

"Eeh, mwanangu," akaitika. "Sema."

Na Harrison, pale mbele ya kila mtu, hakuweza kukumbuka alichotaka kumwambia.