Mwanaume Ndani ya Solo

Mwanaume aliingia kwenye solo ya Fundi Simu mchana kweupe, akasema, "Niko mlangoni, fungua," kisha akanyamaza.

Fundi Simu alivua hedifoni akazitazama kama zimemtukana. Akazivaa tena, akarudisha wimbo nyuma. Gitaa lake la umeme lilikuwa linapanda vizuri tu, na katikati ya kupanda, kwa mbali, chini ya nyuzi, ikaja sauti nzito ya mtu mzima. Niko mlangoni, fungua.

Na katika nyumba ile mwanaume alikuwa yeye peke yake.

Alikuwa amejifungia chumba cha nyuma tangu alipomaliza kula. Amplifaya yake kuukuu ilikaa juu ya stuli, na maiki ameiegesha mbele ya spika, karibu kiasi cha kuibusu. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta mwembamba, mkewe alikuwa kwenye cherehani, maana yeye alikuwa fundi nguo na hakuwahi kustaafu. Kipande alichokuwa akirekodi kilikuwa cha shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga besi, aliyekuwa akiukusanya upya wimbo wa bendi yao ya ujanani. Kila mtu alirekodi kwake na kumtumia.

"Shemeji, achana na mambo ya maiki," alikuwa amemwambia kwenye simu. "Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Sauti inakuja safi, wala husumbui nyumba."

"Safi kama maji ya kuchemsha," Fundi Simu akamjibu. "Gitaa lazima lipite kwenye spika, lipige hewa, hewa ipige maiki. Hapo ndipo mtu anajua limepigwa na binadamu."

"Haya, piga hewa yako. Ila kipande nakitaka wiki hii."

Sasa hewa ilikuwa imeleta mgeni.

Fundi Simu aliuweka wimbo tena, na safari hii hakusikiliza gitaa, alisikiliza nyumba. Cherehani ilisikika mwanzo mpaka mwisho wa ubeti, tatatata, kama mvua juu ya bati. Solo ilipoanza, cherehani ikanyamaza. Kimya. Halafu, "Niko mlangoni, fungua." Solo ilipokwisha, cherehani ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.



Kesho yake akarekodi upya, akisingizia kidole kiliteleza. Cherehani ikanyamaza palepale kwenye solo, na mwanaume akaja, safari hii akisema, "Haraka, jua kali." Keshokutwa akarekodi tena. Cherehani kimya, mwanaume huyo hapo. Mkewe alimsifia mezani.

"Siku hizi una bidii, mzee. Kila siku gitaa."

"Nakusumbua?"

"Wala. Piga tu. Mlango ufunge vizuri, usije ukapigwa na upepo."

Fundi Simu alilimeza tonge bila kulitafuna. Tangu lini mwanamke huyu akajali mlango wake ufungwe vizuri?

Mtu wa kumshuku hakuwa mbali. Mtaa wa pili aliishi mgane mmoja, mstaarabu, sauti kama pipa, ambaye suruali zake hazikwisha kupunguzwa kiuno. Angekuwa anakonda kwa kasi ya suruali zile, angekuwa ameshatoweka. Kila alipokuja alisema, "Shikamoo mzee, fundi yupo?" na kila mara Fundi Simu alimjibu marahaba kwa moyo mkunjufu. Sasa aliposikia suruali nyingine imeletwa, moyo wenyewe ukakunjamana.

Lakini hakuwa mtu wa kurukia mambo. Alikuwa amefanya kazi ya simu za mezani mpaka nywele zikamtoka, akipanda nguzo kutenganisha mazungumzo yaliyoingiliana. Wenzake walidai angeweza kubandika sikio kwenye nguzo akatambua kama wanaoongea ni wachumba au ni mtu na mama mkwe wake. Sheria yake ilikuwa moja: ukisikia sauti ngeni, upime waya. Waya ukiwa mchafu, sauti ni ya waya. Waya ukiwa safi, sauti iko nyumbani kwa mwenye simu.

Akakata shauri kupima. Alichukua waya wa gitaa akaugawa njia mbili: moja ikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, kama alivyotaka shemeji, na ya pili ikaenda kwenye amplifaya na maiki yake, kama alivyotaka yeye. Mpigo mmoja, rekodi mbili. Akapiga wimbo mzima, na ilipofika solo akaifungulia amplifaya sauti juu kama kawaida yake, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, na safari hii kidole kikateleza kweli.

Kisha akasikiliza. Kwenye maiki, mwanaume yupo. Kwenye ile ya moja kwa moja, gitaa tupu, kavu, safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna mwanaume, hakuna cherehani, hakuna nyumba.

Waya ulikuwa safi.

Fundi Simu alikaa kitandani. Miaka yote waliyoishi pamoja ilimpitia kichwani, na kila mwaka ulipopita aliukagua mifukoni. Akamkumbuka mkewe akicheka na wateja. Akakumbuka marashi mapya. Kwa kweli marashi yale alimnunulia mwenyewe, lakini mtu akishaingiwa na mdudu wa wivu, hata zawadi yake inamtolea ushahidi.

Siku iliyofuata akatega mtego. Alimwambia mkewe anaingia kurekodi. Akafunga mlango, akaunganisha kompyuta na amplifaya, akaacha rekodi ya jana, ile kavu, ijipige yenyewe kwa sauti ileile. Yeye akapitia dirishani, miguu peku, suruali ikashikwa na msumari ikachanika, akajikaza, akazunguka nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wa ghala, akiinama kama mwizi wa kuku mpaka chini ya dirisha la chumba cha cherehani.

Ndani cherehani ilikuwa inakimbia. Sauti ya mgane haikusikika, labda alikuwa hajafika. Solo ikaanza. Cherehani ikanyamaza. Fundi Simu akainua kichwa taratibu, macho yakafika usawa wa dirisha.

Mkewe alikuwa peke yake. Mikono ameilaza juu ya kitambaa, kichwa amekiegemeza ukutani, ukuta uleule wa chumba cha gitaa, macho ameyafumba. Miguu yake, iliyotoka kwenye pedeli, ilikuwa inapiga mapigo chini polepole.

Fundi Simu alisahau kuinama.

"Mzee," mkewe akasema, macho bado ameyafumba, "unapigaje gitaa na huku unahema dirishani kwangu?"

"Nilitoka... kuangalia hewa."

"Hewa." Akafumbua macho. "Na kile kidole kilichoteleza jana mbona leo kimeteleza palepale? Nikajua hapo halipigwi gitaa, hapo nadanganywa. Ingia ndani. Pitia mlangoni, kama watu."

Alipoingia alimweleza yote, maana hakuwa na pa kukimbilia, na suruali ilikuwa imechanika. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwa mgane, akainua mkono.

"Yule baba anaumwa. Anakwisha kila siku, na suruali ndizo zinamwambia. Aliniomba nisiseme. Wewe ukamwona mshenzi."

Fundi Simu akainamisha macho kwenye suruali yake iliyochanika.

"Haya, nionyeshe huyo bwana wangu."

Wakahamia chumba cha gitaa, akasikilizishwa. Niko mlangoni, fungua. Hakushtuka. "Mimi cherehani ikinilia vibaya siendi kumuuliza jirani analala na nani," akasema. "Naikagua cherehani. Hii mashine yako umeikagua?"

"Nimepima waya. Uko safi."

"Sikuulizi waya. Nauliza hii." Akaigonga amplifaya kichwani. "Iwashe, sauti uiweke pale unapoiweka kwenye solo. Gitaa usiliguse."

Akaiwasha, akafungulia sauti. Spika ikavuma. Wakakaa, mmoja kitandani, mwingine kwenye kigoda, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Hewa ikavuma na kuvuma. Kisha amplifaya ikakohoa, na ndani ya spika, sauti kama pipa ikasema, "Geti la ghala, niko mlangoni na lori, fungua."

Walikuwa watu wa ghala lililo nyuma ya nyumba, wakiongea kwa redio zao za mkononi. Amplifaya kuukuu iliyadaka mawimbi yao ilipofunguliwa sana tu, na haikufunguliwa sana ila kwenye solo. Bingwa wa nguzo alikuwa amepima njia zote mbili, akasahau kukipima kile chombo alichokiamini kuliko mkewe.

Alicheka. Mkewe hakucheka.

"Nilikuwa nasimamisha mashine nikusikilize," akasema. "Tangu tuoane sijawahi kushona juu ya solo yako. Wewe kimya changu ukakifanya ushahidi."

"Mama watoto, nisamehe."

"Nitaona. Hiyo maiki iondoe. Kipande cha kaka umpigie kwa njia yake, leo hii." Akatoka, akaacha mlango wazi.

Fundi Simu aliizima amplifaya. Akalichomeka gitaa kwenye kompyuta, akavaa hedifoni zilizobana masikio mpaka dunia ikazibika. Cherehani ilikuwa imeanza, aliisikia kabla ya kuzivaa, kali, ya haraka. Sasa hakuisikia tena. Akapiga ubeti. Solo ikakaribia, na hapo ndipo akaielewa adhabu yake: hata akisikiliza rekodi hii usiku kucha, haitamwambia kama cherehani ilisimama.

Mkono wa kushoto ulitamani kuinua hedifoni sikio moja tu. Akauacha palepale kwenye nyuzi, akaipiga solo yote, taratibu, kama mtu anayepigia mtu aliye ng'ambo ya ukuta, awe anasikiliza au hasikilizi.