Vidole Viwili

Zahoro alirudi Kisarawe akikokota pikipiki, mdomo unavuja damu, panga kiunoni. Fundi Athanas alipomwona tu, akaweka spana chini.

Asubuhi ile alikuwa ameifungia pikipiki hiyo kuukuu breki kubwa ya mbele, iliyotolewa kwenye pikipiki ya jeshi vita vilipokwisha. Akamwonya abane kwa vidole viwili tu. Lakini Zahoro alizoea breki yake mbovu ya zamani, ile ya kukamua kwa kiganja kizima. Kwenye mteremko wa Pugu akaikamua hivyo hivyo, ikamrusha kichwakichwa, meno mawili yakabaki barabarani.

"We fundi umetaka kuniua," alisema, akamkata panga la bega la kushoto.

Athanas akampiga kikumbo, akairukia pikipiki.

"Basi simama hapo hapo, mwanamume."

Akapanda nayo kilimani, akageuza, akateremka kasi kumwelekea, damu ikimchuruzika. Zahoro akainua panga, hakusogea. Athanas akabana vidole viwili. Tairi likakwaruza changarawe, likasimama likigusa ugoko wa Zahoro.

Zahoro akalitazama. Akatupa panga majanini, kisha akamtandika Athanas ngumi ya mdomo.

"Hiyo ya meno yangu. Haya, nionyeshe hivyo vidole."