Maji Yaliyokwisha Harufu

Saa sita na robo mchana, mwishoni mwa Juni 2002, viluwiluwi vya mbu katika glasi ya trei ya tatu vilikuwa vimekufa vyote.

Felisian aliinua glasi juani akaitazama. Maji yalikuwa maangavu. Akayanusa, hayakunuka chochote. Katika glasi ya jirani, alimotia kijiko cha maji yale yale alfajiri kabla hayajaanikwa, viluwiluwi vilikuwa vimelegea lakini vilijipinda bado.

Felisian alikuwa mhandisi wa kemikali kutoka Dar es Salaam. Kwa wiki ya tatu alikuwa kijijini Lionja, nyumbani kwa dada yake Tabitha, akichunguza mapipa yaliyokuwa na dawa ya wadudu wa mikorosho. Pipa likiisha dawa, watu walilifanya la maji. Walilijaza, wakaliacha wazi juani hadi harufu iishe, wakamwaga, ndipo wakaanza kuchotea. Yeye alitaka kuharakisha kazi hiyo ya jua. Alipaka vioo unga mweupe wa oksidi ya titani, wenye chembe ndogo kuliko vumbi lolote, akavilaza ndani ya trei za maji aliyosuuzia mapipa. Mwanga ukiupiga, unga huo huivunja sumu, na wenyewe haupungui. Ndiyo maana huitwa kichocheo. Huko Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, unga huo ulikuwa umeua vijidudu vya maji ya kisima bila tatizo.

Hapa kulikuwa na tatizo. Dawa ile ilikuwa na salfa ndani ya molekuli yake, na harufu ilikuwa ya salfa. Mwanga unapoanza kuivunja, salfa hutoka kwanza na oksijeni hukaa mahali pake. Kinachopatikana hakinuki, na ni sumu kali mara nyingi kuliko dawa yenyewe. Kikiachwa juani hadi jioni, nacho huvunjika. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu hadi saa nne. Maji yalikuwa katikati ya safari.

Akaenda kwenye trei. Ya tatu ilikuwa tupu.

Tabitha alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo.

"Dada, maji ya trei ya tatu?"

"Nimempelekea Prisca. Harufu imekwisha, kaka, nimenusa mwenyewe mara mbili. Ni safi kuliko ya kisimani. Au ulitaka kuyaoga?" Alicheka. Alipomwona uso, akaacha chekeche. "Nini?"

"Umepeleka lini?"

"Kabla sijainjika ugali. Felisian, nini?"

Prisca, binti pekee wa Tabitha, alikuwa ndani ya unyago tangu shule zifungwe. Felisian ndiye mjomba aliyetoa ruhusa achezwe ngoma. Nyumba ya wali, wasichana wanaofundwa, ilikuwa nje kidogo ya kijiji, imezungushiwa uzio wa nyasi, na mwanamume havuki uzio ule. Alikwenda mbio. Tabitha alimfuata, akaachwa nyuma.

Wanawake waliokuwa wakipika mbele ya uzio walimwona kwa mbali.

"Huyo anakuja kuchezwa!"

"Mfungeni kanga, tumfunde!"

"Injinia, hata sisi tuna maabara yetu. Rudi kwenye vioo vyako!"

"Niitieni Bi Kulthumu," alisema. Hakuwa na pumzi.

Kungwi alitoka, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, akasimama kwenye mlango wa uzio. "Simama hapo hapo. Sema."

"Ndoo aliyoleta Tabitha. Nani kainywa?"

"Prisca. Hapa kila mwali hula na kunywa cha kwao."

"Kiasi gani?"

"Kata moja. Labda mbili." Alimtazama. "Kwa nini?"

"Anatoka jasho?"

Kicheko cha wapishi kilikoma.

"Anatoka jasho," alisema Bi Kulthumu polepole. "Mate yanamtiririka. Katapika. Tukadhani ni woga, wali wengine huwa hivyo."

"Mtazame mboni za macho."

Aliingia. Felisian alibaki nje akihesabu kimoyomoyo uwezekano mwingine: malaria, muhogo mchungu, uchovu. Malaria haifinyi mboni. Muhogo mchungu haujazi mate namna ile. Alitaka kimojawapo kiwe kweli.

Bi Kulthumu alirudi. "Kama ncha ya sindano. Zote mbili."

"Ni sumu, Bibi. Twende hospitali Nachingwea, sasa hivi."

"Tumpe maziwa?"

"Hapana. Asipewe kitu. Mvueni nguo zilizolowa, mumfute, mumlaze ubavu."

"Atakufa?"

"Sijui nguvu ya yale maji. Sikuwa nimeyapima."

"Sikukuuliza nguvu ya maji."

 Alikimbia kuleta gari la mradi wake wa mapipa.

Walimtoa Prisca amefunikwa kanga kuanzia kichwani, kwa kuwa mwali haonwi na mwanamume kabla hajatolewa. Felisian hakumwona hata mkono. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Bi Kulthumu. Tabitha alipanda mbele. Hakulia, alishika dashibodi kwa mikono miwili.

Barabara ilikuwa mchanga na makorongo. Felisian aliendesha bila kugeuka.

"Anapumua?"

"Anapumua. Kifua kinakoroma."

"Mwinamisheni kichwa, mate yatoke."

Baadaye kidogo: "Anapumua?"

"Endesha, mwanangu. Akiacha nitakwambia."

Hilo lilikuwa baya kuliko mkoromo. Kila kimya cha nyuma alikisikiliza hadi Bi Kulthumu akohoe au aseme neno. Alijua namna sumu hii inavyoua: misuli ya kifua huchoka, na mtu huzama katika mate yake mwenyewe akiwa nchi kavu. 

"Misuli ya mashavu inachezacheza," alisema Bi Kulthumu.

"Sawa," alisema Felisian. Haikuwa sawa.

Hospitalini alimwambia tabibu jamii ya dawa, na kwamba ilikuwa imebadilika juani. Tabibu hakuuliza zaidi ya hapo. Aliagiza sindano za atropini, dawa ya kupambana na sumu ya namna hiyo. Felisian akaachwa barazani; Bi Kulthumu na Tabitha waliingia wodini.

Sindano ya kwanza haikubadili kitu. Tabitha alitoka kulisema hilo, akarudi ndani. Baada ya ya pili, mate yalipungua. Ikafuata ya tatu, kisha mlango ukakaa umefungwa muda mrefu, na Felisian akasikia viatu vya mtu vikienda haraka, vikirudi.

Saa kumi kasoro robo, Bi Kulthumu alisimama mlangoni.

"Mkoromo umekwisha. Mboni zimekuwa kama punje ya mtama. Ngozi imekauka, na mdomo."  "Ameomba maji."

"Ya wapi?"

"Ya birika la wodi. Muuguzi kayachemsha mwenyewe, nimeona."

Felisian aliomba aletewe birika lile. Aliliinamia, akanusa, kisha akatambua kwamba kunusa hakumwambii lolote. Alilirudisha.

Dakika chache baadaye Bi Kulthumu alisema kupitia mlangoni kwamba Prisca amekunywa nusu kikombe.