Inchi Sita kwa Zamu

Jumamosi saa nne asubuhi, karani wa masjala alifuta meza ya kulia kwa kitambaa kikavu, akafuta na kisu kilichokuwa kimetoka kukata vitunguu, kisha akafungua boksi lake jipya. Ndani mlikuwa na askari wa plastiki mia moja na ishirini, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole, pamoja na mizinga miwili, wapiga ngoma wanne, dadu sita, na kitabu cha kanuni za mchezo wa vita, kurasa mia mbili na nane, cha karatasi, kizito kama tofali. Alianza kwa kukinusa kitabu. Askari wangesubiri.

Muuzaji alikuwa amemshauri achukue kanuni za kwenye simu, ambazo ni za bure na hurekebishwa kila wiki. Karani alimjibu kwamba huko kurekebishwa kila wiki ndiko anakokuogopa. Kitabu cha karatasi kikisema askari anatembea inchi sita kwa zamu, unaweza kwenda kuoga, ukirudi bado ni inchi sita.

Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, na alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa, na ukitoa likizo, hawajawahi kulala nyumba moja siku nne mfululizo. Kwa hiyo walikuwa bado na mambo ya maharusi, wanachekana ovyo na kusahau chai jikoni mpaka inapoa. Jumamosi ile ilipoa mara mbili.

Mkunga ndiye aliyepaka rangi nyuso za askari, maana mkono wake hautetemeki. Mumewe alimsomea kanuni kwa sauti, naye akawa anazipinga moja moja kwa raha zake. Rangi ilipokauka, kamanda wa jeshi alikohoa, akaomba asogezewe kitabu asome mwenyewe. Karani alimsogezea. Mkunga aliuliza kama kuna mwingine mwenye kikohozi, akaambiwa hakuna, akaendelea kusuuza brashi.

Jeshi lile lilikuwa na adabu na hamu kubwa ya kusoma. Wiki nzima lilishinda kwenye rafu, askari wanane wakifunua ukurasa, mmoja akisoma, wengine wakiitikia. Kosa lilikuwa la karani. Mwaka ule ofisi ilipohamishia taratibu zote kwenye kompyuta na kupeleka vitabu kuchomwa, yeye aliokoa nakala moja ya Mwongozo wa Watumishi, kwa kuwa mtu wa masjala hatupi karatasi, akaichomeka kati ya vitabu vyake vya michezo. Askari hawakuwa na namna ya kujua kwamba hicho si cha vita.

Walifika kifungu cha arobaini na moja siku ya Alhamisi. Kilisema mtumishi aliye kwenye ndoa atahamishiwa karibu na mwenzi wake akitimiza miaka mitatu. Kamanda aliuliza miaka ya wenye nyumba ni mingapi, akaambiwa mitano. Akauliza kwa nini basi mama mwenye nyumba bado anapanda basi.

Karani alimweleza. Walipofikisha miaka mitatu, kompyuta ilisema minne. Walipofikisha minne, ilisema sita, na Afisa Uhamisho akaapa kwamba imekuwa sita tangu enzi. Ukiuliza lini ilibadilika, unapigwa danadana kutoka dirisha hili hadi lile. Alifungua simu awaonyeshe, lakini jeshi halikuona maandishi yoyote pale, liliona taa tu, na wapiga ngoma wakaziba macho.

"Hakuna kilichoandikwa hapo," kamanda alisema. "Tunakwenda."

Kutoka mlangoni hadi ofisini ni nusu kilomita. Jeshi lilitembea inchi sita, likasimama kusubiri mpinzani acheze. Mpinzani kwa wakati huo alikuwa barabara, nayo barabara haikuwa na mtu wa kuichezea, hivyo fundi cherehani wa jirani alijitolea. Kila jeshi likimaliza zamu, naye anasogeza cherehani yake inchi sita, anashona kidogo, anasema, "Haya, zamu yenu." Waliokuwa na haraka wakamlaumu, akawaambia mwenda pole hajikwai, na kwa kweli kwa siku zote kumi na moja hakuna aliyejikwaa. Walikwenda zamu mia tatu kwa siku. Wenye baiskeli walirusha dadu kujua wapite kushoto au kulia, na akina mama walileta miavuli ilipotishia mvua. Mtaa ule haukuwahi kuchangamka namna ile. Fundi alijikuta mbele ya geti la ofisi, akaona wateja ni wengi kuliko kwake, akabaki hapohapo.

Mlinzi aliwataka wajiandikishe kwenye daftari la wageni, kila mtu na jina lake. Ilichukua siku nzima. Penye madhumuni ya ziara waliandika "vita", naye akawagongea muhuri.

Afisa Uhamisho aliwapokea vizuri. Alihamisha kikombe chake ili wapate nafasi, akazima na feni wasipeperuke. Kamanda alimsomea kifungu cha arobaini na moja chote, askari wanane wakishika ukurasa. Afisa alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Nimewaelewa kabisa," alisema. "Nitalishughulikia."

"Basi zamu ni yako," kamanda alijibu.

Afisa aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kompyuta yake.

Huu ni mwezi wa tatu sasa. Jeshi liko mezani pake, limejipanga kati ya stepla na kalenda, linasubiri acheze. Haliwezi kusogea kabla yake. Kila asubuhi Afisa analifuta vumbi kwa brashi laini, na wageni wakiuliza, anawaambia subira yavuta heri. Kompyuta sasa inasema miaka minane.

Juzi, Jumapili, wakiwa wanakunja nguo za safari, mkunga alimuuliza mumewe kama kitabu chake kitukufu kimesema chochote kuhusu mtu asiyecheza zamu yake. Karani alitafuta kwa kujiamini, kisha bila kujiamini, ukurasa kwa ukurasa. Alipata mstari mmoja tu, chini kabisa ya ukurasa wa kumi na mbili. Alimsomea: "Kanuni hizi zinachukulia kwamba wachezaji wote ni waungwana."

Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Karani naye akacheka, wakashikana, wakacheka pamoja hadi mmoja wao akawa analia, na hawakuulizana ni nani. Kisha saa ikagonga nane na nusu. Basi linaondoka saa tisa.

Stendi iko ng'ambo ya barabara. Karani alibeba begi. Walipotoka mlangoni mkunga alipiga hatua moja ya inchi sita, akasimama.

"Zamu yako, mume wangu."

Karani alipiga inchi sita, akasimama.

"Zamu yako, mama."

Walikwenda hivyo njia nzima, wakibishana kuhusu vipimo, yeye akimtuhumu mkewe kuiba nusu inchi na mkewe akikana. Fundi cherehani, kutoka kule getini, aliwapungia mkono. Walifika mlango wa basi saa tisa kasoro dakika moja. Mkunga alipanda, akaketi dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, na karani akaweka chake kwa nje.

Dereva hakuwa na kitabu chochote. Aliangalia saa, akacheza zamu yake.