Muulizeni Noreen

…na swali lenyewe si geni, nimeulizwa Jumapili themanini na tatu mfululizo na zote nimejibu hapana bila hata kufikiri, simu begani, mikono ikimenya viazi, Je, katika wiki iliyopita ulikataa kazi yoyote uliyopewa? kwa ndiyo bonyeza moja, kwa hapana bonyeza mbili, kusikia swali tena bonyeza nyota, nami hubonyeza mbili kabla yule mwanamke wa mashine hajafika kwenye nyota, mbili, swali linalofuata, na Jumatano mafao ya wasio na kazi yameingia, sasa leo kuna nini, leo kidole kimekwama juu ya simu kama cha mtoto anayejifunza kuhesabu… nyota, haya, rudia mama, nimesikia lakini rudia, ila angalia Noreen, anauliza mara tatu tu, ya tatu ikipita kimya laini inakatika na wiki yako imekufa, utaandikiwa barua uende ofisini kujieleza, na nilivyoisotea laini hii tangu asubuhi, maana Ohio nzima isiyo na kazi hupiga Jumapili, unapiga unaambiwa laini inatumika, inatumika, inatumika, mpaka sikio linapata moto, "Noreen! Tambi hizi zina kabeji tupu, nyama umeificha wapi?" huyo ni Duane, mdogo wangu, yuko sebuleni anatazama mpira na sufuria yangu nzima iko mapajani mwake, kila Jumapili anakuja kwangu eti televisheni yangu ni kubwa, niliinunua enzi za kazi, "Nyama iko kwa mgombea wako Wade Rucker, nenda kamwombe," namjibu huku nimeiziba simu kwa kiganja, naye anacheka na mdomo umejaa, "Rucker akishinda utapata kazi ununue nyama yako mwenyewe, bibie," bibie, ananiita bibie tangu Alhamisi, tangu nilipoanza kuonekana kwenye televisheni katika tangazo la kampeni, na si yeye tu, juzi dukani yule wa kaunta ananiona na maziwa mkononi anapaza sauti, jamani bei ya maziwa muulizeni Noreen, watu wakacheka, nami nikacheka, nikajiona mtu, Mungu nisamehe, nilijiona mtu.

Je, katika wiki iliyopita… ndiyo hiyo ya pili, sikiliza vizuri basi, ulikataa, kazi, uliyopewa, kila neno liko wazi, hakuna pa kujifichia, wiki iliyopita, Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, simu hii hii, mzee Feeney wa ghala la mayai, "Wewe ndiye Noreen Pavlik? Uliacha jina hapa mwezi wa saba. Nina nafasi, kufungasha, kesho saa kumi na mbili uwe mlangoni, usichelewe," wiki themanini na tatu nimeingoja simu ile, nimeiota, na ilipokuja nilisema nini, nilisema asante sana mzee Feeney lakini kesho siwezi, naye akauliza keshokutwa je, hapana, hakuuliza hivyo, alisema kesho au basi, nami nikasema basi… ndiyo, nilisema basi, kwa mdomo wangu, na Jumanne asubuhi badala ya kuwa na trei za mayai mbele yangu nilikuwa nimesimama kwenye lango la kiwanda cha sahani, langu la miaka ishirini na miwili, lango lenye mnyororo tangu kifungwe, nywele zimetengenezwa na mtu, uso umepakwa poda na mtu, na Celeste Brandt wa kampeni ya Gil Hathorne, mpinzani wa Rucker, ananishika bega, "Bi Noreen, usiigize, sema tu unavyojisikia, ukweli wako ndio silaha yetu," kisha ananionyesha karatasi ya ukweli wangu, ameshauandika yeye, kwa herufi kubwa, NIMETAFUTA KAZI WIKI THEMANINI NA TATU, HAKUNA HATA MMOJA ALIYENIPIGIA SIMU, nikausoma, nikausoma mara sita mpaka jua likae vizuri, na mara ya sita machozi yakatoka yenyewe na wote wakapiga makofi… hakuna hata mmoja, jana yake tu, saa tatu na nusu, na machozi yalikuwa ya kweli, hapo ndipo ninapojishangaa, machozi hayakuwa ya kuigiza hata kidogo.

"Mwone mwongo wenu huyo!" Duane anapiga kelele, mpira umesimama na matangazo yameingia, naisikia ile ngoma ya Rucker, dum, dum, na lile jitu la sauti nzito, Gil Hathorne alisema hajawahi kupokea hata senti ya makampuni ya dawa, alidanganya, Gil Hathorne, ukimwamini umeliwa, na halijapoa linafuata la kwetu, filimbi na majani ya vuli, Wade Rucker anasema wasio na kazi ni wavivu wanaokataa kazi, je, ni kweli? muulizeni Noreen, na hapo najisikia mwenyewe kutoka sebuleni, hakuna hata mmoja aliyenipigia simu, sauti nzuri, sauti ya mtu mwaminifu, kisha yeye Hathorne, mimi ni Gil Hathorne na mimi nasema kweli, na simlaumu, hajui, aliyeniweka pale hakuuliza, wala mimi sikusema, alipiga kura mafao yaongezwe wakati Rucker anapiga kura yakatwe, hilo ni kweli, liko kwenye rekodi, nilikuwa nataka kusaidia, sivyo? nilikuwa nawasaidia wenzangu, akina Bernice wanaolala kwenye gari, mtu mmoja akisema uongo mdogo kwa ajili ya wengi… acha Noreen, acha hizo, unaanza kuongea kama tangazo, "Na hili letu jipya umeliona?" Duane tena, "la namba ya simu?" nimeliona, Unamjua mtu anayekataa kazi huku akila jasho lako? Tupigie, na namba chini, kubwa, nyekundu, nimeliona kwa macho mawili, nimelala nalo nimeamka nalo, maana nikibonyeza moja ofisi itampigia Feeney, na Feeney atasema ndiyo, alikataa, na mafao yatakatika na baridi hiyo inaingia na tangi la gesi liko robo, na ghala lake lina midomo ishirini, atakayepiga ile namba hatakosekana, kufika Ijumaa nitakuwa kwenye televisheni tena, picha ile ile, mnyororo ule ule, dum, dum, Noreen naye alidanganya, na ile sheria ya kuwaongezea mafao akina Bernice itazikwa na uso wangu juu ya kaburi, na nikibonyeza mbili nimeidanganya serikali kwa kidole changu, hiyo wanaiita wizi, watu wamefungwa kwa hiyo, na Feeney bado yupo na mdomo wake bado anao, kwa hiyo ukikimbia huku kuna shimo ukirudi kule kuna shimo… nyota, nyota, Mungu wangu nimebonyeza nyota tena bila kukusudia, hii ni ya tatu, ya mwisho.

Tulia, pumua, una sekunde kadhaa, eleza basi kwa nini ulikataa, ofisi ikiuliza utajibu kitu, sababu halali zipo, kuna kijitabu chao, umbali, afya, mshahara duni, haya, umbali, maili arobaini na gari langu giaboksi inakohoa, ndiyo, sema gari, lakini Duane na lori lake la gesi anapita njia ile kila alfajiri, na alishaniambia, mwaka jana alishaniambia, ukipata kitu upande ule nakubeba, utapanda na kahawa yako, basi sema mgongo, mgongo gani, miaka ishirini na miwili nilisimama kwenye mkanda nikigonga sahani kwa kucha, nzima inalia, yenye ufa inafanya dub, hata ule ufa ambao jicho haliuoni, sahani laki ngapi zimepita mkononi na mgongo haukuwahi kuniuma, mayai ndiyo yaniumize, basi sema mshahara, mdogo, ndiyo ni mdogo, unayazidi mafao kwa kiasi cha petroli tu, lakini baba angesema kazi mbaya si mchezo mwema, na mimi mwenyewe niliandika jina langu kwa Feeney nikiujua mshahara, "Noreen, kabla sijasahau," sasa Duane hapigi kelele, amekuja mlangoni na sufuria tupu, anaona simu sikioni anashusha sauti, "watu wa Rucker walinipigia jana. Wamejuaje sisi ni ndugu sijui. Wanauliza wewe ni mtu wa aina gani, kama kuna lolote," nami naikandamiza simu sikioni, "nikawaambia, sikilizeni, mimi ni wenu, bango lenu liko uani kwangu, lakini dadangu ana kichwa kigumu, anapika tambi bila nyama, na chama chake ni cha wehu, ila uongo hana. Akisema hakupigiwa simu, hakupigiwa. Nikakata." anaitia sufuria kwenye sinki, anaifungulia maji, "Wapumbavu. Keshokutwa napeleka gesi kwa Feeney, nitamuuliza kama ana nafasi. Unaona? Mvivu gani huyo," ananigusa kisogo kwa mkono wenye maji, anarudi kwenye mpira wake, naye hajui, hajui hata chembe alichokifanya.

…uongo hana, amesema uongo hana, amewakatia simu watu wake mwenyewe kwa ajili yangu, na keshokutwa Feeney atamwambia mbele ya bomba la gesi, nafasi? nilimpa dada yako akakataa, na Duane atasimama pale na kofia yake, atasema lazima kulikuwa na sababu, atanitetea mara ya pili, namjua, kisha atakuja hapa kuiuliza hiyo sababu… na sababu ni ipi, acha gari, acha mgongo, acha petroli, akina Bernice nao waache, usiwasingizie, ni ipi, Jumatatu saa tatu na nusu simu iko mkononi na mzee anasema kesho, kesho, na kichwani mwangu kulikuwa na nini, kulikuwa na Celeste, kesho saa mbili gari litakuja kukuchukua Bi Noreen, kulikuwa na mtu wa nywele, kulikuwa na karatasi ile siku ya kwanza Celeste alipokaa jikoni hapa akaniuliza jina langu linaandikwaje, akaliandika herufi moja moja, akaniuliza nilikuwa nafanya nini kiwandani, akasikiliza mpaka mwisho, mwaka mmoja na nusu hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho, hata Duane husikiliza mpaka matangazo yaishe tu, na Feeney alikuwa na trei za mayai na saa kumi na mbili na usichelewe, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, nilipewa kazi nikaikataa ili niende nikasimame langoni nilie kwamba hakuna anayenipa kazi… loh, Noreen, loh, ndiyo maana machozi yalikuja yenyewe, nilikuwa nalia kwa jambo nililolifanya jana yake, na Rucker, yule mshenzi, aliyesema kuna wanaokataa, amesema kweli juu ya mtu mmoja tu katika jimbo zima na mtu huyo ni mimi, na Hathorne anayesema kweli anadanganya kwa mdomo wangu, na mimi hata hasira sina, nimechoka, nataka tu yule mwanamke wa mashine aniulize kwa nini, lakini hana swali hilo, ana moja na mbili, hakuna popote kwenye simu hii pa kubonyeza kwa nini, hata huyo Celeste hakuliuliza, wala jitu la dum dum halitaliuliza, kuna mtu mmoja tu duniani atakayeliuliza akakaa kusubiri jibu, yuko hapo sebuleni amevua viatu, anapigia kelele mpira wake, na ni yeye tu, kati ya watu wote, ambaye siwezi kumjibu, tafadhali, mashine inasema, hatujapokea jibu lako.